Kituo cha pamoja Tunduma–Nakonde: ukumbi unastahili sifa, foleni inatengenezwa yadini

Tathmini hii inahusu huduma moja tu: kuvusha lori la mzigo kutoka Tanzania kwenda Zambia kupitia kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Ukubwa wa jengo hautuhusu sana. Tunachopima ni saa: lori limefika mjini saa ngapi, limetoka upande wa pili saa ngapi, na muda wa katikati umeliwa na nini.

Utaratibu wenyewe ni mzuri na haujachuja. Zamani lori lilisimama upande wa Tanzania kwa taratibu za kutoka, likasogea, kisha likasimama tena upande wa Zambia kwa taratibu za kuingia. Sasa linalotoka Tanzania linakwenda kumalizia yote Nakonde, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, na linalotoka Zambia linamalizia Tunduma. Mtindo huu ulianzia Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009, ukiwa wa kwanza Afrika. Baadaye ukafika Rusumo, Mutukula, Busia, Namanga na kwingineko. Abiria wa basi au mwenye gari dogo, pasipoti yake ikiwa hai na kadi ya homa ya manjano ikiwa mkononi, anahama dirisha moja hadi la pili bila kutoka nje ya ukumbi. Kwa watu, tunakipa kituo nyota 4 kati ya 5.

Kwa malori tunakipa 2, na sababu haiko ukumbini.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme yadi ya forodha inabeba malori 120 kwa wakati mmoja, na kila lori linakaa humo saa 6 kwa wastani. Maana yake kituo kinaweza kupitisha malori 20 kwa saa, si zaidi, hata ungeongeza madirisha 10. Wastani wa kukaa ukipanda hadi saa 12, uwezo unashuka hadi malori 10 kwa saa, ingawa hakuna ofisa aliyelala wala mtambo ulioharibika. Lori moja lililoegeshwa saa 48 likingoja karatasi limekula nafasi za malori manane. Geti haliwezi kuruhusu jingine kuingia wakati ndani kumejaa, kwa hiyo barabara ndiyo inageuka kuwa maegesho.

Ndiyo maana dereva aliyeko kilomita 5 nyuma anaona foleni haisogei na anadhani maofisa wamegoma. Mara nyingi ndani wanafanya kazi. Kinachokosekana ni nafasi, na nafasi imeshikwa na malori ambayo hayakupaswa kuingia siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalipigii hesabu. Kituo kinachopokea malori 20 kwa saa na kupitisha 22 kinaonekana kiko salama. Mtandao ukikatika saa 2, yanarundikana malori 40. Kituo kikirudi kazini kinayapunguza mawili mawili kwa saa, hivyo saa 2 za kukatika zinahitaji saa 20 kumalizika, na hapo tumekadiria kwamba hakuna kitu kingine kitakachoharibika kabla ya hapo. Kila lori na nafasi yake linachukua karibu mita 20 za barabara, kwa hiyo hayo 40 ni mita 800 za foleni kwa hitilafu ya muda wa chakula cha mchana. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona, na Januari 2022 madereva walipogomea vipimo vya korona vya kulipia vya Uganda kule Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu waliuliza kwa nini mambo hayatengemai siku ile ile mpaka unapofunguliwa. Jibu liko kwenye hesabu hii.

Sasa, kwa nini malori yanaingia yadini bila kuwa tayari?

Sababu kubwa ni ya kisheria. Mzigo unaotoka Mombasa kwenda Kampala uko ndani ya himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki: tamko la forodha (maelezo rasmi ya mzigo) linafanywa na kodi inalipwa Uganda mzigo ukiwa bado bandarini, na Malaba inabaki kuthibitisha tu. Tunduma haina bahati hiyo. Tanzania iko katika forodha ya Afrika Mashariki, Zambia haimo. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, Zambia imo. (Bima ya kadi ya njano ya COMESA bado inatumika pande zote mbili, na hilo limewaokoa wengi.) Kwa hiyo mpakani pale safari moja ya kiforodha inafungwa na nyingine inafunguliwa. Mzigo wa Lusaka unahitaji tamko la kuingia Zambia na kodi iliyolipwa. Mzigo wa Lubumbashi, Kongo, unahitaji tamko jipya la mpito pamoja na dhamana ya kukatiza Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Hakuna jengo linaloweza kufuta hatua hiyo. Kinachowezekana ni kuimaliza kabla lori halijafika, na mifumo inaruhusu: wakala wa Nakonde anaweza kuwasilisha tamko la Zambia huku lori likiwa bado Mikumi.

Tatizo ni kwamba wenye mizigo wengi wanasubiri hadi lori lifike ndipo watume ankara na pesa ya kodi. Wanaona hawapotezi kitu, maana lori ni la mtu mwingine na barabara ni ya umma. Ada ya kusubiri ingehesabiwa tangu saa ya kwanza kwenye mkataba, tabia hii ingepungua haraka kuliko kwa tangazo lolote la serikali.

Hata tamko likiwahi, makosa madogo yanalirudisha lori kwenye mstari mwekundu, yaani wa ukaguzi wa mzigo wenyewe. Yanayojirudia ni haya. Namba ya tela kwenye tamko haifanani na tela iliyopo, kwa kuwa kichwa kiliharibika njiani, kikabadilishwa, na wakati wa kubadilisha watu wakabadilisha na tela bila kuwaarifu forodha. Namba ya lakiri, ile kufuli ya forodha inayofunga mzigo, imekosewa tarakimu moja. Lakiri ya kielektroniki imekwisha chaji, au imepiga kengele dereva alipoegesha nje ya njia iliyoidhinishwa, na sasa lazima ikaguliwe. Uzito kwenye ankara ni tofauti na ule wa mizani. Maelezo ya bidhaa ni ya jumla mno. "Vipuri" peke yake inaita ukaguzi, "vipuri vya pampu za maji, katoni 140" inaeleweka. Mfumo ukishaliweka tamko kwenye mstari wa kijani, lori linaachiwa. Njano ni kukagua karatasi. Nyekundu ni skana au kufungua mzigo, na huko ndiko siku zinakoishia.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa gari Dar es Salaam, dereva asikubali kuondoka bila kulinganisha kwa macho yake vitu vinne: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena na namba ya lakiri, kila moja dhidi ya karatasi. Apige picha ya lakiri ikiwa imefungwa. Kichwa kikiharibika njiani, wakala ajulishwe kabla ya kuunganisha kingine, na marekebisho yaonekane kwenye mfumo kabla gari halijatembea. Ni dakika chache ambazo Nakonde zinaweza kuwa siku 2.

Mizani nayo ina mchango wake. Ukomo wa Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari la ekseli 7. Semi ya kawaida ya ekseli 6 inabeba tani 50 kwa jumla: 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma ya kichwa, 24 kwenye ekseli tatu za tela. Gari linaweza kupita mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, salama na likakwama Mpemba, karibu kabisa na mpaka, bila kuongezwa hata kilo moja. Mzigo umehama: Kitonga ni mlima mkali, breki ni nyingi, na magunia au koili ambazo hazikufungwa zinasogea na kulemea kundi moja la ekseli. Jumla iko sawa, ekseli imezidi. Hapo inabidi kupanga mzigo upya, na kama mzigo umefungwa lakiri, forodha lazima wawepo. Kabari na mikanda ya kukazia ni nafuu mno ukilinganisha na usumbufu huo.

Jambo ambalo wageni wa njia hii hulisahau: Zambia iko nyuma yetu kwa saa 1. Saa 2 asubuhi Tunduma ni saa 1 asubuhi Nakonde. Wakala anayeahidi "saa 4 nimemaliza" aulizwe ni saa 4 ya upande gani. Na kila upande ukibadilisha zamu kwa saa yake, zinapatikana nyakati mbili za ulegevu badala ya moja. Kituo kinafanya kazi usiku na mchana, lakini mabadiliko ya zamu yakisimamisha geti kwa nusu saa tu, rudi kwenye hesabu ya hapo juu uone gharama yake. Zamu zinapaswa kupishana, mpya iingie kabla ya inayoondoka kusimama.

Nje ya kituo, mji wenyewe umebanwa. Barabara kuu ya kutoka Mbeya inaingia Tunduma katikati ya maduka, bajaji na bodaboda, na hapo hapo ndipo inapochepuka barabara ya Sumbawanga. Foleni ya Zambia ikirefuka, anayekwenda Rukwa, ambaye hana habari yoyote na mpaka, anakwama nayo. Gari la wagonjwa vilevile. Madereva wakiona mstari hausogei wanafungua mstari wa pili, kisha wa tatu, na yanayorudi kutoka Zambia yanakosa pa kupita. Hapo hata yadi ikiwa na nafasi, lori la kwenda kuijaza haliwezi kufika.

Dawa ipo na imeshajaribiwa kwingine. Estonia, kwenye vituo vyake vya mpaka na Urusi, yaani Narva, Luhamaa na Koidula, ilianza mwaka 2011 kupanga foleni kwa miadi: mwenye gari anajiandikisha kwa intaneti au simu, anapewa muda, anasubiri kwenye eneo maalumu la maegesho, kisha anaitwa kwa namba. Barabara inabaki barabara. Kwa Tunduma hilo linahitaji maegesho makubwa kabla ya mji, upande wa Mpemba, yenye vyoo, maji, taa na ulinzi, maana dereva hataacha mstari kama anakopelekwa anaibiwa mafuta. Na linahitaji sharti moja lisilolegezwa: lori haliitwi mpaka tamko la Zambia limeonekana kwenye mfumo na malipo yamekamilika, pamoja na tozo za barabara zinazotozwa magari ya kigeni. Lisilo tayari lipishe lililo tayari. Bila sharti hilo maegesho yatahamisha foleni tu, yataiondoa mjini na kuiweka uwanjani.

Wapo wanaopendekeza kuongeza skana kwanza. Skana inasaidia pale ambapo malori mengi yanakaguliwa, lakini tungeanza na kupunguza yanayopelekwa huko. Msafirishaji mwenye rekodi safi anayekubaliwa kwenye mpango wa AEO, yaani wa wafanyabiashara walioidhinishwa na forodha, asipimwe kila safari sawa na asiyejulikana. Malori matupu pia yawe na geti lao: hayana tamko la kusubiri, na yakisimama nyuma ya semi yenye kontena la Lubumbashi yanalipa kwa karatasi zisizo zao.

Kwa anayepanga safari sasa, ushauri wetu ni kutoingia kwenye mstari kabla wakala hajatuma namba ya tamko na uthibitisho wa malipo. Simu ya "njoo tu, naendelea kushughulikia" isikubaliwe. Simama Mpemba au kabla yake, mahali penye ulinzi. Beba nakala 3 za karatasi zote hata kama kila kitu kiko kwenye mfumo, pamoja na pasipoti, kadi ya njano ya bima na ya chanjo, na pesa ya tozo iwe imeshalipwa au iko mkononi mwa wakala. Wanaorudi na shaba kutoka Zambia na Katanga wanakutana na mambo hayo hayo upande wa Tunduma, ila kwao bandari ndiyo inayoamua: hakikisha nafasi ya kupokelewa Dar es Salaam na dhamana ya Tanzania vimeshapatikana kabla ya kupita Mpika, kwa sababu baada ya Isoka maegesho salama yanapungua na kusubiri kunakuwa kugumu zaidi.