CS50x: masharti yanayostahili kusomwa kabla ya somo la kwanza

Mtu anayetafuta mahali pa kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hakosi kuelekezwa kwenye CS50x, kozi ya utangulizi ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David J. Malan, ambayo tangu mwaka 2012 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mihadhara yake imekwisha kusifiwa vya kutosha. Ninachotaka kukitathmini hapa ni masharti yake, ambayo wanafunzi wengi huyaruka ili wafike upesi kwenye somo la kwanza (ambalo, kwa desturi ya watu wa kompyuta ya kuhesabu kuanzia sifuri, huitwa wiki ya 0), kisha huyakumbuka siku wanapokwama.

Kozi haidai ujuzi wowote wa awali. Huanza kwa Scratch, ambamo maagizo hupangwa kwa kuburuta vipande vya rangi, na wiki inayofuata mwanafunzi huingizwa moja kwa moja katika lugha ya C, ambapo nukta mkato moja iliyosahauliwa hutosha kuizuia programu nzima. Lugha ya Python, SQL (lugha ya kushughulikia hifadhidata) na utengenezaji wa tovuti huja baadaye. Ili kupata cheti cha bure, sharti apate angalau asilimia 70 katika kila seti ya mazoezi, kisha abuni mradi wake mwenyewe na kuueleza kwa video isiyozidi dakika 3. Baadhi ya mazoezi yana toleo jepesi na toleo gumu, na anayechagua jepesi hapunjwi chochote.

Kiini cha masharti hayo ni kanuni ya uaminifu, ambayo kwa ufupi humtaka mwanafunzi atumie busara. Neno hilo lingeweza kuwa mwanya wa kila kisingizio, lakini waandishi wamelifafanua kwa mifano ya yanayokubalika na yasiyokubalika. Kujadili zoezi na wenzako kwa lugha ya kawaida, si kwa lugha ya programu, kunaruhusiwa. Unapoomba msaada waweza kumwonyesha mwenzako kazi yako, ila wewe huruhusiwi kuitazama yake. Naona kifungu hiki kimefikiriwa vizuri kuliko vyote, kwa kuwa anayesaidia hulazimika kuelewa kosa la mwenziwe na kulieleza, na anayesaidiwa hurudi kwenye kompyuta yake akiwa na wazo tu, wala si mistari ya kunakili.

Kwa wanafunzi walioko chuoni Harvard kuna pia kifungu cha majuto, kilichoanzishwa mwaka 2014. Aliyevunja kanuni akijisalimisha kwa wakuu wa kozi ndani ya saa 72, anaweza kunyimwa alama za kazi hiyo, lakini kwa kawaida hapelekwi mbele ya mamlaka za nidhamu za chuo. Adhabu ipo, ila mlango wa kutubu haujafungwa.

Kuhusu akili mnemba, msimamo ni mkali: ChatGPT na zana nyingine zinazopendekeza majibu au kukamilisha msimbo (maandishi ya programu) haziruhusiwi. Inayoruhusiwa ni zana ya kozi yenyewe, iliyoanza kutumika mwaka 2023 kwa umbo la bata, kwa heshima ya mazoea ya waandishi wa programu ya kumweleza bata wa mpira tatizo lao mpaka walione kosa wenyewe. Bata huyu huelekeza pasipo kukabidhi jibu kamili. Katazo hilo, hata hivyo, haliwezi kumfuata anayejisomea peke yake usiku chumbani, na hapo hubaki dhamiri yake tu.

Udhaifu ninaouona ni kwamba ruhusa ya kujadiliana na wenzako haimfai sana asiyekuwa na mwenza. Aidha, mazoezi huandikwa ndani ya kivinjari, jambo linaloondoa usumbufu wa kusakinisha programu lakini hudai intaneti muda wote, na kwa anayeishi kwa bando gharama hiyo si ndogo. Mihadhara angalau hupakuliwa mapema. Tarehe ya mwisho huwa 31 Desemba, na kwa asiyemaliza, kazi alizokwisha kuwasilisha huhamishiwa mwaka unaofuata. Hivyo hakuna sababu ya kukimbilia suluhisho la mtu mwingine kwa kuogopa muda.