Tafsiri za steshenari: zinakwama kwenye 'intangible'

Tafsiri ya papo kwa papo kwenye steshenari za Posta na Kariakoo, Dar es Salaam, inatosha kwa barua ya maombi, wasifu au tangazo la fremu ya kupangisha. Kwa hesabu za kampuni, mkataba au andiko la mradi, tunaipa nyota mbili kati ya tano. Kinachoiangusha ni kivumishi kimoja cha Kiingereza: intangible, yaani kitu kisichoshikika mkononi.

Maandishi hubandikwa kwenye programu ya simu, kinachotoka ndicho kinachochapwa. 'Intangible assets' hurudi zikiwa mali zisizoonekana, zisizogusika, au, mchapaji akichanganya, zisizohamishika. Hilo la mwisho ndilo balaa, kwa sababu mali isiyohamishika ni kiwanja na nyumba. Hakimiliki, hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) na alama ya biashara zikisomeka kama viwanja, mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, imeharibika. 'Zisizoonekana' haitoshi: gesi ya kupikia haionekani, lakini inauzwa kwa kilo kama unga. Na aliyegusika ni aliyeingiwa na huruma, kwa hiyo 'mali isiyogusika' inasikika kama mali yenye roho ngumu.

Andika mali zisizoshikika. Hata hapo, kutoshikika peke yake hakutoshi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 38 kinataka mali itambulike yenyewe, isiwe na umbo, na isiwe ya kifedha. Deni unalomdai mteja hulishiki mkononi, lakini halimo, kwa kuwa ni fedha unayodai.

Kasoro ya pili ni ngeli. Programu ikishapata 'isiyoshikika' huipachika kila mahali, ukaishia na 'urithi isiyoshikika' na 'manufaa isiyoshikika'. Mkataba wa UNESCO wa 2003 unahusu urithi wa utamaduni usioshikika: ngoma, masimulizi, ufundi wa mikono. Magofu ya Kilwa Kisiwani utayapapasa kuta. Ujuzi wa kuunda jahazi hauna pa kushika. Wengine hukimbilia 'dhahania', neno la darasani la nomino kama upendo na uzuri. Leseni ya programu si dhahania hata kidogo, muulize anayeilipia.

Kabla ya kulipa, toa maneno matatu ya majaribio: intangible assets, intangible heritage, intangible benefits. Yakirudi mali zisizoshikika, urithi usioshikika na manufaa yasiyoshikika, waachie kazi yako. Yakirudi yote na 'isiyo-', chapisha wasifu wako hapo, na mizania umpelekee mfasiri anayejua hesabu.