Redio ya kaunti na kikapu cha sekondari Ijumaa usiku: nyota nne, ya tano nimeizuia

Naanza na maksi ili mwenye haraka aondoke mapema: nyota nne kati ya tano. Ninachokipima ni matangazo ya mpira wa kikapu wa sekondari kwenye redio ndogo ya kaunti yetu, huku kusini mwa Kentucky, si mbali na Bowling Green, Ijumaa usiku na Jumanne nyingine, kuanzia Desemba mpaka Machi. Bei ni bure, na kama una redio kwenye gari huhitaji hata bando. Jina la stesheni silitaji maana nina malalamiko yangu huko chini na wale jamaa ni wachache, watu walewale wanaosoma bei ya mahindi asubuhi ndo haohao wanatangaza mpira usiku, na katikati hapo kuna kipindi cha watu kupiga simu kuuza trekta bovu na vifaranga, alafu matangazo ya vifo. Ndiyo, vifo vinasomwa redioni, jina, umri, kanisa, mazishi saa ngapi. Sisi tuliokua na RTD, ile Redio Tanzania Dar es Salaam ya zamani, tunajiona tuko nyumbani kabisa.

Sasa tuje kwenye mpira. Mi kipimo changu cha mtangazaji wa redio ni kimoja tu: mtu aliyewasha redio sasa hivi, katikati ya kota ya tatu, atakaa muda gani kabla hajajua nani anaongoza na zimebaki dakika ngapi? Wapo watangazaji wanakuachia hapo unasikia kelele tu, "anampa, anarudisha, anapiga, weeee!" na wewe hujui hata ni timu gani imefunga. Huyu wa kwetu, mzee mmoja ana mvi na sauti ya kukwaruza kidogo, anasema matokeo na saa bila kuchoka, kila mpira ukiingia anasema, kila mpira ukitoka nje anasema, na kila kota ikianza anakwambia timu ya nyumbani inashambulia kutoka upande gani kwenda upande gani na wamevaa rangi gani. Kwaiyo wewe uliyeko nyuma ya usukani unauona uwanja. Kota moja huku kwa sekondari ni dakika 8, gemu zima dakika 32, ukikosa dakika tatu umekosa mambo mengi sana, kwaiyo hiyo kurudiarudia siyo kero, ndo kazi yenyewe.

Na hii tabia ya kukwambia wanaelekea kushoto au kulia huku Kentucky ina wenyewe. Cawood Ledford, aliyekuwa sauti ya timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky mpaka 1992, ndo watu wanamtaja kila wakizungumzia mpira wa redioni, alikuwa anamwambia msikilizaji timu inaelekea upande gani kama vile mshale wa kutafutia stesheni unavyotembea kwenye redio. Na huyo mtu naye alianzia hukuhuku chini, mwaka 1951 kwenye redio ya mji wao wa Harlan, milimani kwenye makaa ya mawe, akitangaza mechi za sekondari. Leo sakafu ya uwanja wa Rupp Arena kule Lexington imepewa jina lake. Kwaiyo ukimwona mzee wa watu anahangaika na nyaya kwenye jimu, yaani ukumbi wa michezo wa shule, usimdharau, hiyo ndo njia waliyopita wakubwa.

Kwa nini sisi Waswahili wa huku tunahusika? Kwa sababu watoto wetu ndo wanacheza. Bowling Green na miji ya jirani imepokea Wakongo wengi, Warundi pia, na sisi Watanzania tumejichomeka humohumo, na vijana wamekua wamerefuka wameingia kwenye timu. Wazazi wengi wako shifti ya jioni, viwandani au kwenye maghala, hawawezi kwenda jimu. Mi mwenyewe naendesha gari la mizigo jioni, gemu nyingi nazisikia tu, kuziona ni kwa nadra. Jirani yangu mama mmoja wa Uvira Kiingereza hakijampanda sana lakini redio anaiweka jikoni anasikiliza kitu kimoja tu, jina la mwanae, alafu ananipigia simu, "Kaka, amemutaja tena, ni muzuri ao ni mubaya?" Namwambia dada, hiyo ni faulo ya tatu, omba Mungu, ya tano anatolewa nje.

Na hapo kwenye majina ndo mzee kachukua nyota yake ya kwanza kwangu. Majina yetu yanayoanza na Ny, Mb, Nd, Ng yanawatesa Wamarekani, walimu wanaita watoto kwa herufi tu mwaka mzima. Mtangazaji mwingine angesema "namba kumi na mbili" mpaka gemu iishe. Huyu hapana. Mwanzo wa msimu alikuwa anayavunjavunja kweli, mpaka tunacheka, baadaye tukasikia yamenyooka, nikajiuliza kajifunzia wapi. Nilikuja kujua Ijumaa moja ya Januari nilipopata ruhusa kazini nikaenda jimu mwenyewe, pakawa pamejaa, nikapanda mpaka safu ya juu kabisa nikakaa pembeni ya kimeza chake.

Ngoja niwasimulie hiyo kazi ilivyo maana ukisikiliza redioni unadhani kuna timu nzima huko. Yuko peke yake! Gemu la wasichana saa kumi na mbili, la wavulana saa moja na nusu, yeye alikuwa ameshafunga vitu vyake kabla hata sisi hatujaingia, kiboksi kimoja kidogo kinachopeleka sauti studioni kupitia intaneti, hedifoni zenye maiki iliyojitokeza mbele, simu ya akiba ikiwa intaneti itakata, chupa ya maji, pipi za koo, na daftari kubwa lenye mistari ya kila mchezaji. Kalamu ana rangi mbili, moja timu ya nyumbani moja wageni. Anatangaza huku anaandika pointi, anaandika faulo za mchezaji, anaandika faulo za timu, maana tangu msimu wa 2023 wamebadilisha sheria, timu ikifika faulo ya tano ndani ya kota mpinzani anapewa mitupo huru miwili, na kota ikiisha hesabu inaanza upya. Kwaiyo yeye lazima ajue, huku mdomo haujasimama. Mi nikiongea na simu siwezi hata kufunga kamba ya kiatu.

Kabla ya gemu la wavulana kuanza akavua hedifoni akashuka ngazi zote zile, na magoti yake yale, akaenda kwenye benchi la wageni na karatasi. Hakwenda kwa kocha. Alienda kwa kijana mwenyewe, akamwambia sema jina lako, kijana akasema, yeye akarudia, kijana akatikisa kichwa, akarudia tena, kijana akacheka akampa tano. Akaandika kwenye karatasi kwa herufi za kwake anazozielewa yeye. Akarudi juu anahema. Ndo majibu yangu nikayapata hapo.

Gemu lenyewe lilikuwa zuri, sitawachosha nalo, wenyeji walifungwa kwa kikapu cha mwishomwisho na jimu ikanyamaza ghafla, upande wa wageni tu ndo wanaruka. Nilichokiangalia ni mzee. Yeye ni mtu wa hapa, inajulikana anaipenda timu ya hapa, lakini sauti yake kwenye kile kikapu ilipanda vilevile kama ambavyo ingepanda kwa wenyeji, akataja jina la mfungaji, akataja matokeo, akataja saa. Bila kumlaumu refa. Hii ni adabu ambayo baadhi ya watangazaji wetu nyumbani wenye Simba na Yanga zao moyoni wangekuja kuisomea huku. Baadaye akashuka tena kumhoji kocha aliyeshindwa, mahojiano mafupi, hakumkandamiza, akamuuliza kuhusu rebaundi, ile mipira inayokosa kikapu na kugombewa, akamwacha mtu akapumzike. Sisi tukatoka, yeye bado anakunja nyaya.

Haya, malalamiko sasa, maana nyota ya tano haijapotea bure.

La kwanza na kubwa ni mawimbi. Stesheni hii ni ya AM, na AM ndogo nyingi Marekani jua likizama zinatakiwa kisheria zipunguze nguvu ya mtambo, nyingine zinazima kabisa, kwa sababu usiku mawimbi ya AM yanapanda juu angani yanadunda yanarudi chini mbali sana, yanaingiliana na stesheni za mikoa mingine. Ndo sababu kule kijijini usiku tulikuwa tunanasa stesheni za nchi za mbali ambazo mchana hazipo. Sasa fikiria: Januari huku jua linazama kwenye saa kumi na moja hivi, gemu linaanza saa kumi na mbili. Yaani mpira wa sekondari, bidhaa yao kubwa kuliko zote, unachezwa saa ambazo mtambo umebanwa! Nikitoka nje ya mji kidogo tu inaanza kukwaruza, na majitu makubwa ya wati 50,000 kama WSM ya Nashville kwenye 650 au WHAS ya Louisville kwenye 840 yanasikika safi kabisa, yanapiga vitu vyao, mi natafuta matokeo ya kaunti yangu siyapati. Najua kosa siyo la mzee, ni sheria na fizikia. Wameweka na kimnara cha FM cha kusaidia, ila hivyo vimnara haviruhusiwi kuzidi wati 250, kwaiyo mjini safi, ukivuka vilima kwisha habari.

La pili, ile njia ya kusikiliza kwenye simu inachelewa nyuma ya uwanja, na si kidogo. Jirani yangu anasikiliza kwenye simu, mwanae mwingine yuko jimu anamtumia meseji "ameingiza!" wakati kwenye simu mpira bado uko upande wa pili. Utamu wote umeisha. Kwa mjini tumieni redio ya kawaida, hiyo ndo inakwenda sambamba na uwanja.

La tatu matangazo ya biashara. Naelewa ndo yanalipa umeme, benki ya hapa, duka la matairi, mtu wa mabomba, nyumba ya mazishi (ndiyo, nyumba ya mazishi inadhamini mitupo huru, nimecheka sana). Yanayosomwa na mzee mwenyewe hayana shida, anayachomeka mpira ukiwa umesimama na anaendelea. Yanayokera ni yale ya kurekodi kutoka studioni, kijana aliyeko kule anachelewa kurudisha, unarudi unakuta kikapu kimeshaingia na mzee anaeleza kilichopita. Ilitokea hadi kwenye kota ya nne. Huyo kijana aangaliwe.

Kuna watu wataniambia, siku hizi si kuna video ya kulipia, kamera imewekwa ukutani inafuata mpira yenyewe, kwa nini uhangaike na redio? Nimeilipia. Kamera haina mtu, haina sauti zaidi ya viatu vinavyolia sakafuni na filimbi, mchezaji ukimwona ni mdogo kama punje, na mara nyingine inaganda inaangalia upande mmoja wakati mpira uko kwingine. Hujui nani kafanya faulo, hujui kwa nini kocha anapiga kelele, hujui yule aliyetoka anachechemea ni nani. Nikaikata, nikabaki na mzee.

Alafu kama hujawahi kufuatilia huu mchezo wao, Kentucky ina kitu ambacho majimbo mengi yameshakiacha: kombe ni moja kwa shule zote, kubwa kwa ndogo, hakuna madaraja. Zinaanza wilaya, wawili wa juu wa kila wilaya wanaingia kanda, kanda ziko 16, na mabingwa 16 ndo wanakwenda Rupp Arena mwezi wa tatu. Mwaka 1928 fainali iliisha 13 kwa 11, Ashland wakaifunga Carr Creek, kashule ka milimani, baada ya kuongeza muda mara nne, na mpaka leo wanaihadithia. Huku kwetu Warren Central ya Bowling Green ililibeba hilo kombe 2023. Kwaiyo ikifika mwisho wa Februari, mashindano ya wilaya, hizi redio ndogo ndo zinakuwa tamu kuliko kipindi chochote, maana ukifungwa nusu fainali ya wilaya msimu umeisha, na mtangazaji anajua kuna vijana wa mwaka wa mwisho hawatavaa tena ile jezi.

Ushauri wangu kwa wanaoishi huku: kama uko ndani ya mji weka FM, kama uko barabarani jaribu AM mpaka ikukatalie ndo uhamie kwenye simu, na washa dakika kumi na tano kabla ya gemu maana hapo mzee anataja vikosi na nani mgonjwa nani kafungiwa. Wazazi wenye watoto wenye majina ya kwetu, ukimkuta pale jimu mpandie umwambie jina linavyotamkwa, hakasiriki, atakupa kalamu uandike mwenyewe. Na mwenye duka la vyakula vya kwetu pale mjini, ukitaka biashara yako isikike nenda kadhamini hata mitupo huru, tusiwaachie wa mazishi peke yao.