Kubeti farasi kwenye simu: huduma hii niliipima kwa Oaks

Mie sibeti. Kamari ni haramu, na hilo sitaki libishaniwe hapa. Lakini nilitunza farasi Dubai kabla ya kurudi Unguja, na maskani yetu ya Jang'ombe kila mwenye mkeka wa farasi huniletea simu: "Ami, hebu nisomee hii." Kwa hivyo huduma hii naijua kuliko baadhi ya wateja wake.

Kujiunga ni rahisi, haki yao nawapa. Unaweka namba, unahamisha pesa, dau linapita hata mtandao ukisuasua. Mpira wameupanga vizuri. Tabu ni farasi.

Chukua Oaks ya Ijumaa, 6 Juni 2025, siku zile zile za Idi Kubwa (na wapo waliobeti, Mungu awasamehe). Mbio hizi hukimbiwa Epsom, Uingereza, tangu 1779. Ni za majike wa miaka mitatu tu, masafa ya maili moja na nusu, karibu mita 2,400. Wengi wanaofika pale hawajapata kukimbia umbali huo, na hilo ndilo swali lote la Oaks. Huduma inakupa nini? Jina la farasi na odi, yaani dau lako litazidishwa mara ngapi akishinda. Mbio zake za nyuma hakuna, umbali aliozoea hakuna. Wala usidhani Epsom ni uwanja uliolala kwa vile hakuna viunzi vya kuruka. Wanapanda kilima kwanza, kisha wanateremka mbio mpaka kona ya Tattenham, na hata pale kwenye mnyooko wa mwisho ardhi imeinamia upande mmoja. Farasi asiyejua kujibana kwenye mteremko, mbio zake zinaishia hapo.

Maskani nzima ilikuwa na Desert Flower. Ni wa Godolphin, zizi la mbio la Sheikh Mohammed wa Dubai, na hapa nani hana ndugu Dubai? Isitoshe alikuwa hajashindwa hata mara moja, na mwezi uliotangulia alichukua 1000 Guineas kule Newmarket. Ila Guineas ni maili moja. Minnie Hauk, anayefunzwa na Aidan O'Brien, alikuwa ameshashinda mbio za Chester, masafa yanayokaribia ya Oaks. Mstari mmoja tu wa maelezo hayo ungetosha. Akashinda Minnie Hauk, mgongoni Ryan Moore. Whirl wa pili, Desert Flower wa tatu.

Ugomvi ukaanzia hapo. Kijana mmoja alibonyeza kisanduku cha kushinda pamoja na nafasi. Farasi wake kaingia tatu bora, mkeka unasema umelipwa, na pesa zimepungua! Akaapa kaibiwa. Hakuibiwa. Kisanduku kile ni madau mawili: ukiandika 5,000 unakatwa 10,000. Dau la kwanza linataka ushindi. La pili linalipa nafasi, yaani kuingia tatu bora, kwa moja ya tano tu ya faida. Kwa odi ya 2.0, mfano, farasi akiwa wa tatu umetoa 10,000 na unarudishiwa 6,000: dau la pili 5,000 na faida 1,000. Dau hilo lina maana kwa farasi wa odi kubwa, kama Qualify aliyeshinda Oaks ya 2015 kwa 50 kwa 1, si kwa anayependwa na kila mtu. Hesabu hii wameizika chini kabisa ya kanuni, kwa Kiingereza.

Jengine: ukibeti wiki kadhaa kabla na farasi akaondolewa, dau limekwenda. Ndiyo desturi ya mbio hizi, lakini mtu aonywe kabla hajabonyeza.

Mbio zenyewe humo huzioni. Kiduara kinazunguka, kisha matokeo, nayo huja magharibi inapoingia, ukashangaa nani kachelewa msikitini.

Niliwaandikia kwa niaba ya yule kijana. Wakanijibu kuhusu kona na kadi za njano.

Kwa mpira sisemi kitu. Kwa farasi nawapa nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya wepesi wa kulipa: kile kidogo alichorudishiwa kilikuwa kwenye simu yake kabla ya isha.