Karatasi za EVA za milimita 2 kwa deraya ya magamba: nyepesi kweli, ila zinunue ukiwa na mizani

Anayetaka kujitengenezea vazi la shujaa lenye magamba kifuani hafiki mbali kabla ya kukutana na karatasi za sponji ya EVA, zile zile laini ambazo watoto hukatia maua na herufi. Ni ndugu wa sponji inayotumika kwenye soli za kandambili. Zipo za unene wa milimita 2, 3, 5, 6 na 10, na wengi hukimbilia milimita 5 kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kwa deraya za vipande vikubwa. Kwa magamba, hapo ndipo kazi inapoharibika. Tunachokipima hapa ni karatasi ya milimita 2 ya ukubwa wa A4, na kwa kazi moja tu: kufunika kiwiliwili cha mtu mzima, mbele na nyuma, kwa magamba yanayolaliana.

Unene unaamua kila kitu kwa sababu magamba hayakai peke yake. Gamba la urefu wa sentimita 5 likipangwa kwa safu zinazopishana sentimita 2.5, kila sehemu ya mwili inabeba tabaka mbili. Milimita 5 mara mbili ni sentimita nzima kuuzunguka mwili. Mvaaji anageuka pipa, na akijiinamia magamba ya tumbo yanasukumana hadi yanasimama wima kama ya kakakuona aliyekasirika. Milimita 2 inatoa unene wa milimita 4 tu, na gamba linaweza kuteleza juu ya mwenzake bila kulibinua.

Sasa uzito. Kiwiliwili tukikikadiria kuwa mita ya mraba 0.6, tabaka mbili ni mita 1.2. Kwa EVA yenye uzito wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, hayo ni takriban gramu 240. Eneo hilo hilo kwa magamba ya alumini ya milimita 0.8 ni kama kilo 2.6, na kwa chuma cha unene huo ni kilo 7.5. Ukiongeza gundi, rangi na fulana ya ndani, vazi la EVA bado linavalika siku nzima bila mabega kulalamika. Lakini wepesi si sifa yake kuu. Chupa za plastiki nazo ni nyepesi, na bado zinakera: gamba lake linakwaruza ngozi ya kwapa, linapiga kelele kila hatua, na likikunjwa mara moja linabaki na mstari mweupe usiofutika. EVA hukunjwa ikarudi, na ndiyo maana inafaa kwa kitu kinachovaliwa na mwili unaotembea.

Tatizo la bidhaa hii ni kwamba pakiti nyingi hazisemi uzito wa sponji kwa ujazo. Utasoma rangi, unene na idadi ya karatasi, basi. Mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana maradufu. Dawa ni mizani ya jikoni. Karatasi moja ya A4 ya milimita 2 ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 125, kwa hiyo ikiwa na gramu 12 au zaidi una sponji ya kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo, na hiyo ndiyo unayoitaka. Gramu 8 kushuka chini ni ya kuchezea watoto: itanyonya rangi kama mkate unavyonyonya chai, na ncha za magamba zitang'oka kwa kusuguana na mkono wa kiti. Huna mizani? Bonyeza ukucha kwa nguvu kisha uachie. Nzuri hufuta alama baada ya muda mfupi. Mbovu hubaki na shimo. Ikunje pia kona katikati: ikionyesha vitundu vya hewa kwenye mkunjo, irudishe.

Rangi ya sponji yenyewe si urembo. Chukua nyeusi au kijivu. Kila vazi litachubuka, na mchubuko juu ya sponji nyeupe huonekana toka ng'ambo ya ukumbi, ilhali juu ya nyeusi unaonekana kama kivuli.

Kuhusu idadi: gamba la upana wa sentimita 4 na urefu wa 5, likipangwa kwa hatua ya sentimita 2.5, linafunika sentimita za mraba 10 zinazoonekana. Kiwiliwili cha mita ya mraba 0.6 kinataka magamba 600. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayoharibika, yawe 660. Ukilaza A4 kwa upande wake mrefu unapata magamba 28, yaani karatasi 24. Mabega na shingo yanapendeza zaidi kwa magamba madogo ya sentimita 3 kwa 4, yenye hatua ya sentimita 2, lakini jua kwamba kila dogo linafunika sentimita 6 tu, hivyo idadi hupanda haraka. Badilisha ukubwa kwenye mstari wa mtulinga. Ukibadilisha katikati ya kifua, jicho linaliona kosa kabla ya kuliona vazi.

Kukata ndiyo sehemu inayochosha. Tengeneza kiolezo cha plastiki ngumu au bati jembamba, chora kwa kalamu ya wino wa fedha, kata kwa kisu cha wembe wa kuvunja juu ya ubao laini. EVA hula makali kuliko inavyodhaniwa. Wembe butu haukati, unavuta, na ukingo unatoka na meno meno ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Vunja ncha ya wembe kila baada ya magamba 50 hivi. Mkasi unafaa kwa ncha ya duara, ila uwe mrefu na ukate kwa mkato mmoja. Kwa sekunde 20 kwa gamba, 660 ni karibu saa tatu na dakika arobaini. Ugawe huo muda kwa siku mbili, kwa sababu mkono uliochoka hukata magamba mapana kidogo kuliko ya asubuhi, na tofauti ya milimita mbili ikijirudia mara 24 katika safu moja inakuwa sentimita karibu 5.

Hapo ndipo EVA inaonyesha uhodari wake: joto. Mashine ya kupuliza hewa moto, ikishikwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 na kuchezeshwa bila kutulia, hufunga vinyweleo vya uso kwa sekunde chache. Sponji inabadilika na kung'aa kidogo. Papo hapo libonyeze gamba kwenye mgongo wa kijiko kikubwa na ulishikilie hadi lipoe. Linabaki na mbinuko, na mbinuko huo mdogo ndio unaoligeuza pambo la karatasi kuwa kitu chenye mwili. Draya ya nywele nayo inaweza kufanya kazi kwenye milimita 2, ila polepole. Ukizidisha joto, gamba linajikunja, linakuwa gumu na kutoa malengelenge. Ukisikia harufu kama ya siki umeshaunguza, zima mashine na ufungue madirisha. Kumbuka pia kwamba joto lililolipa umbo ndilo litakaloliondoa. Vazi likiachwa ndani ya gari juani, magamba yatalegea na kulala bapa.

Rangi hupakwa kabla ya kubandika, na kosa la kawaida hapa ni kupaka gamba zima. Acha sentimita 1.5 za juu bila rangi. Gundi ikikutana na rangi haishiki sponji, inashika rangi, na rangi huachia. Rangi ya kupuliza moja kwa moja kwenye EVA isiyofungwa vinyweleo hunyonywa na kukauka kwa mabaka. Baada ya joto, weka rangi ya msingi ya mpira wa kupuliza, tabaka tatu nyepesi. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ni mbadala wa bei nafuu, tabaka tatu hadi tano, na inakubali kukunjwa, ila jasho linailainisha, kwa hiyo lazima ifunikwe na vanishi ya akriliki. Kisha rangi nyeusi ya akriliki, na mwisho fedha au shaba kwa brashi iliyofutwa hadi ikaribie kukauka, ukigusa ukingo na mbinuko tu. Anayepaka fedha gamba zima anapata karatasi ya kufungia chokoleti. Rangi ya msingi ya mbao au ya chuma usiitumie: ni ngumu, itapasuka siku ya kwanza.

Tunaingia kwenye kubandika, ambako mavazi mengi hufia. Gundi ya kutumia ni ile ya fundi viatu, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa dakika 5 hadi 10 mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo vibanwe. Ikibanwa mbichi, kimiminika kinafungiwa ndani na gamba linateleza usiku kucha. Upande wa nyuma wa sehemu ya juu ya gamba, uliokuwa utelezi kwa joto, usugue kwanza na msasa namba 120. Gundi ya moto ya vijiti ina haraka, lakini inaacha vinundu vinavyoonekana kwa juu na huachia kwenye joto kali. Gundi ya papo hapo hukauka ikawa ngumu kama kioo. Kitambaa kikivutika, inakatika. Mvuke wa gundi ya viatu ni hatari, na barakoa ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Fanyia kazi nje, au vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke.

Panga kuanzia chini kwenda juu, kama mwezekaji anayeanza ukingoni mwa paa, kila safu ikisogea nusu ya gamba kutoka ile ya chini yake. Usibandike kitambaa kikiwa mezani. Fulana inayovutika ikibandikwa ikiwa imelala haitavutika tena, na ukiivaa magamba yatafyatuka moja moja. Itengenezee kiwiliwili cha bandia: mvishe mvaaji fulana kuukuu, mzungushie utepe mpana wa gundi tabaka mbili, kata mgongoni, vua, jaza magazeti na ufunge. Vazi likivishwa hapo tayari limeshavutika kwa kiasi cha mwili. Na gundi isiwe mstari mzima. Tone moja la upana wa sentimita 2 katikati ya ukingo wa juu linatosha, ili kitambaa kipate pa kupumulia baina ya gamba na gamba.

Kiuno ni mtihani wa pekee. Nyonga za sentimita 96 zinachukua magamba 24 kwa safu. Kiuno cha 80 kinachukua 20. Baina yake kuna sentimita 20, yaani safu 8. Usiyabane yote ili yaenee. Ondoa gamba moja kila baada ya safu mbili, na uliondolee ubavuni, chini ya mkono, ambapo macho hayafiki. Makwapani acha kipande cha sentimita 8 hadi 10 bila gamba hata moja, kwa kitambaa cheusi kinachovutika. Hakuna atakayekiona, na mkono utanyanyuka. Zipu iwe ubavuni au mgongoni, na magamba ya upande mmoja yatokeze sentimita 2 kuifunika, yakishikwa kwa velkro.

Wanaopendelea kushona wanaweza, kwa sharti kwamba mshono uwe wa milimita 4 hadi 5. Mshono mfupi unaitoboa EVA kama ukingo wa stempu, na gamba linachanika hapo hapo. Sponji pia hung'ang'ania mguu wa cherehani; karatasi nyembamba iliyowekwa katikati na kuchanwa baadaye inamaliza ubishi.

Vitambaa vilivyochapwa picha ya magamba ni vya suruali na mikono tu. Kifuani vinaonekana ni picha. Magamba ya alumini yaliyotobolewa tayari yanashinda EVA kwa mng'ao na kwa sauti, na anayeweza kubeba uzito wake na kuyasuka kwa pete kwa wiki kadhaa hatajuta. Zulia la plastiki la sakafuni tusilizungumze: zito, na likipoa linakuwa gumu.

Matunzo hayana mengi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, usifue kwa mashine, tundika, usikunje. Vaa fulana nyepesi ndani, maana EVA haipitishi hewa na jasho halina pa kwenda. Moto uepukwe kabisa, iwe mishumaa au fataki, kwa sababu sponji hii inawaka. Ukienda na vazi mahali, beba magamba kumi ya akiba yaliyokwisha kupakwa rangi na kipande cha msasa, pamoja na tyubu ndogo ya gundi ya viatu. Yatakayong'oka mara nyingi ni yale ya pembeni ya kiuno, upande wa mkono unaotumia zaidi.