Chungu cheusi nilichokikuta Washington

Nauza vyungu, mitungi na vyetezo hapa Igoma, Mwanza, huu mwaka wa kumi na tatu. Vingi vinatoka kwa shangazi yangu wa Kayenze, ambaye amefinyanga tangu akiwa msichana. Binti yangu alipojifungua huko Marekani mwaka 2024, nikaenda kumsaidia kulea. Arobaini ilipopita akaniambia, "Mama, hapa mjini kuna makumbusho ya kazi za wanawake watupu. Jumapili ya kwanza ya mwezi hawatozi kiingilio." Tukamfunga mtoto mgongoni, tukapanda treni, tukashuka kituo cha Metro Center na kutembea kidogo.

Makumbusho yenyewe yanaitwa National Museum of Women in the Arts. Yako Washington, kwenye mtaa uitwao New York Avenue, jengo namba 1250. Ni jengo la mawe la mwaka 1908, lilijengwa na Freemasons, chama cha wanaume, na sasa kila ukuta wake umebeba kazi ya mwanamke. Ndani kuna ngazi za marumaru pande mbili na taa kubwa za vioo zinazoning'inia. Walilifunga mwaka 2021 kwa ukarabati mkubwa, wakalifungua tena Oktoba 2023, kwa hiyo sisi tulilikuta linang'aa.

Habari ya lilivyoanza ndiyo iliyonifanya nisimame. Mama mmoja, Wilhelmina Cole Holladay, alisafiri Ulaya na mumewe Wallace. Huko wakaona picha za Clara Peeters, mchoraji wa miaka ya 1600, zikawapendeza sana. Waliporudi nyumbani wakafungua kitabu kikubwa cha historia ya sanaa kilichokuwa kikifundishiwa vyuoni ili wamsome. Hayumo. Wakatafuta mwanamke mwingine yeyote, hayumo hata mmoja. Hapo wakaanza kununua kazi za wanawake, na mwaka 1987 makumbusho yakafunguliwa.

Huyo Clara Peeters picha yake ipo pale, na ningekuwa na uwezo ningeileta Mwaloni, Kirumba, wauza samaki waione. Ni paka. Mbele yake kuna samaki, naye ameweka miguu ya mbele juu ya samaki mmoja kama anayesema huyu ni wangu, asiguswe. Nyuma yake kuna chombo kimejaa samaki wengine. Yeyote aliyewahi kuanika dagaa anamjua paka huyu kwa macho yake tu. Mimi nilicheka kwa sauti mpaka binti yangu akanishika mkono. Mama yule alichora ngozi ya samaki ikiwa bado mbichi, ile hali ya samaki wa asubuhi kabla jua halijampiga, na imebaki hivyo miaka mia nne.

Ipo pia picha ambayo Frida Kahlo wa Meksiko alijichora mwenyewe mwaka 1937. Pale watu walijaa, nikaipita. Walimu nawaambia wasiikose ya Alma Thomas. Alifundisha sanaa katika shule moja ya mji huo huo wa Washington miaka 35, akastaafu mwaka 1960, na baada ya kustaafu ndipo akafanya kazi zilizompa jina. Ile niliyoiona ni ya mwaka 1969, ya maua: vipande vidogo vidogo vya rangi vimepangwa wima, mstari kwa mstari, na ukisimama mbali ni kama kanga zimeanikwa kwenye kamba.

Halafu nikafika kwenye chungu.

Ni cha Maria Martinez, mwanamke wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka San Ildefonso Pueblo huko New Mexico. Kimetengenezwa karibu mwaka 1939. Ni cheusi, na juu ya weusi unaong'aa kuna michoro ya weusi usiong'aa. Nilizunguka kile kioo sijui mara ngapi. Hakutumia gurudumu. Alipandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, kama shangazi, akakisugua kwa jiwe laini kama shangazi anavyosugua kwa kokoto la ziwani. Michoro kwenye kazi zao nyingi ilikuwa ya mumewe, Julian. Weusi wenyewe ni wa moto. Moto ukiwa umekolea waliufunika kwa samadi kavu iliyosagwa, hewa ikakosa njia, moshi ukaingia kwenye udongo na kukaa humo. Sisi tunachoma kwa kuni na nyasi, moto unapumua, ndiyo maana vyungu vyetu vinatoka vyekundu na mabaka.

Lakini kilichonikamata ni jina. Maria alikuwa akiandika jina lake chini ya chungu, na baadaye la mumewe pamoja na lake. Kwenye maonyesho mengine niliyowahi kuingia, chungu huandikiwa kabila na wilaya, basi. Nani alikifinyanga, hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe nimeuza mamia ya vyungu vya shangazi na sijawahi kumtajia mteja jina lake. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi naongeza kwamba hata hilo gae halina jina la aliyeliumba. Makumbusho haya yanakuandikia jina, mwaka na mahali mtu alipozaliwa, kwa kazi kubwa na ndogo, na kwa mtu wa biashara yangu hilo peke yake lilitosha nauli ya treni.

Siku nyingine nilirudi jioni kwa filamu. Ilihusu mwanamke mfumaji, na kwa kuwa kamera ilikaa zaidi mikononi mwake kuliko mdomoni, niliifuata vizuri ingawa Kiingereza changu ni cha sokoni. Watu walibaki kuzungumza baadaye, wazee kwa vijana, na hakuna aliyekimbilia mlango. Ukienda, angalia kwanza ratiba ya filamu, kwa sababu hazionyeshwi kila siku, na maonyesho ya muda nayo hubadilishwa.

Niliporudi Mwanza nikaenda Kayenze na simu yangu. Nikamwonyesha shangazi picha ya kile chungu cheusi. Akaikuza kwa vidole viwili, akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa chungu.

"Mdomo huyu ameusawazisha," akasema. "Kinapikiwa?"

"Hakipikiwi, shangazi. Ni cha kutazama. Hata maji hakiwezi kukaa nayo."

Akanyamaza. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki mwaka 1980."

"Pole yao watoto wake," akasema, akanirudishia simu. Kisha akauliza ile samadi ilikuwa ya mnyama gani. Nikamwambia mara nyingi ya farasi. Akasema farasi hatuna, ng'ombe wapo.

Wiki iliyofuata alichoma vyungu vitatu vidogo. Moto ulipokolea tukamwaga samadi ya ng'ombe iliyopondwa, kila mmoja na karai lake, moshi ukatufukuza mpaka ufukweni. Viwili vilipasuka. Cha tatu kimetoka cheusi upande mmoja, na upande wa pili kina wekundu, pale samadi ilipokuwa nyembamba. Chini yake amechora kwa msumari, kabla hakijakauka, herufi tatu za mwanzo wa jina lake. Anasema mara nyingine samadi iongezwe maradufu, na nimtafutie magunia.