Buti la usiku la kisigino: mkanda wa gundi na ushauri wa hatari

Nianze na mkanda, maana hayo mengine naweza kuyasamehe.

Hili ni lile buti la plastiki ngumu linalokaa nyuma ya mguu, la kulalia, wanalouziwa watu wenye maumivu ya kisigino. Ninalo kwa miezi kadhaa sasa nikisubiri miadi ya mtaalamu wa viungo ambayo kila ikikaribia husogezwa mbele. Lina mikanda mitatu. Mmoja hufungwa kwenye muundi, wa pili juu kidogo ya kifundo, na wa tatu hupita mshazari juu ya mgongo wa mguu. Ile miwili ya juu imeshonwa na kupigwa ribiti, unaweza hata kuninginiza ndoo ya maji. Wa tatu, ambao ndio wenye kazi, umebandikwa kwa gundi.

Gundi! Kitu cha kuvaliwa usiku kucha, ndani ya joto la shuka na jasho la mguu, kikivutwa muda wote na unyayo unaotaka kuinama. Ulianza kubanduka pembeni wiki ya pili au ya tatu hivi, na baadaye ukaachia wote.

Kwa nini nakasirikia mkanda mmoja wakati miwili bado inashika? Kwa sababu ile miwili inashika buti, haishiki kisigino. Maumivu haya yanatoka kwenye fashia ya unyayo, ule utepe mgumu unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino, upande wa ndani, na kutanuka mpaka kwenye mashina ya vidole. Ukilala, mguu huinama wenyewe, vidole vikaelekea chini, na utepe unakaa umelegea na kufupika hadi asubuhi. Hatua ya kwanza ukishuka kitandani unauvuta kwa uzito wa mwili mzima. Ndicho kile kisu unachokisikia, ambacho hupungua ukitembea kidogo na kurudi ukikaa sana kisha ukainuka. Kazi ya buti ni moja tu, kuushikilia mguu kwenye nyuzi 90 usiku, ili hiyo hatua ya kwanza isiwe mshtuko.

Sasa mkanda wa mgongo wa mguu ukilegea, kisigino huinuka na kuacha nafasi pale nyuma chini. Kwa nje buti liko nyuzi 90 kama kawaida, limenyooka vizuri kabisa. Ndani, mguu umeinama kama hujavaa kitu. Unaamka umefungwa kama mtu aliyevunjika mguu, unashuka, na kisu ni kilekile. Wengi hapo husema buti halifai, wanalitupa uvunguni, kumbe halikupata nafasi ya kufanya kazi hata usiku mmoja. Kipimo ni rahisi: ukishafunga, ingiza kidole kati ya kisigino na plastiki. Kikipita bila kubanwa, fungua, sukuma kisigino mpaka mwisho, na uanze kufunga upya. Mkanda wa mgongo wa mguu hufungwa kwanza, kisha wa kifundo, wa muundi mwisho. Karatasi ya maelezo imepanga kinyume, kutoka juu kwenda chini, na ukiifuata kisigino hakitafika mahali pake.

Nikampigia muuzaji. Kijana aliyepokea hakuuliza mkanda upi. Akaniambia, "Mama, labda unajigeuzageuza sana usiku. Jitahidi kulala umetulia." Nikamwambia, mwanangu, gundi imeachia, sijaja kukueleza nalalaje. Akajibu, "Basi ile miwili kaza zaidi, mama. Na visigino ni umri tu, vumilia."

Kifaa hiki nilikipa nyota mbili. Baada ya simu hiyo ikawa moja.

La umri nimelimeza. Hilo la "kaza zaidi" sikuliachia, maana kuna atakayelifuata. Mkanda wa kifundo ukikazwa kupita kiasi, vidole vinakufa ganzi na ngozi inabanwa palepale penye mfupa. Kipimo chake ni kidole kimoja kupita chini ya mkanda, na kucha ya kidole gumba ukiibonyeza irudishe rangi mara moja. Ukiamka na ganzi, legeza mkanda kidogo, usijikaze kisabuni. Na mwenye kisukari ambaye miguu yake haihisi vizuri asivae kitu hiki bila kuonwa na daktari, kwa sababu kidonda kinaweza kuanza usiku asikisikie. Mtu anayeuza vifaa hivi alipaswa kuyajua hayo kabla ya kushika simu.

Kuhusu boksi, limeandikwa eti huondoa "mwiba wa kisigino" ndani ya siku 7. Huo mwiba ni kijipande cha mfupa kinachoonekana kwenye picha ya eksirei, na watu chungu nzima wanao bila kuumwa popote. Hakuna buti linaloondoa mfupa. Na anayetarajia nafuu ndani ya siku 7 atakata tamaa siku ya nane, wakati jambo hili huhesabiwa kwa wiki na miezi. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa.

Turudi kwenye mkanda, maana unatengenezeka. Gundi mpya usipoteze muda nayo, itaachia tena. Nenda kwa fundi viatu. Atoboe plastiki matundu mawili kila upande, apige ribiti zenye kichwa bapa, au ashone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mshono wa mraba wenye mkato wa msalaba katikati. Kichwa cha ribiti kikae upande wa nje, na ndani pabandikwe kipande cha sponji, la sivyo utabadilisha maumivu ya kisigino kwa kidonda cha pembeni. Velkro nayo, ile sehemu ya mkanda yenye vindoano vya kunasa, huzibwa na nyuzinyuzi za shuka na soksi ikaacha kushika. Zitoe kwa sindano, kisha pitisha mswaki mkavu. Kila ukifua kitambaa cha ndani, funga velkro kwanza, tumia maji ya baridi, na anika kivulini.

Baada ya ukarabati huo, lazima niseme ukweli japo unaniuma: buti linafanya kazi. Siyo kidogo. Ile hatua ya kwanza ya asubuhi imekuwa ya kukunja uso tu, haiwi tena ya kushika ukuta. Kwa hiyo siwezi kusema msinunue. Naweza kusema mnunue mkiwa na fundi.

Mkilinunua, msianze kama karatasi inavyosema, usiku mzima na kile kikabari cha sponji chini ya vidole. Huo ni mvuto mkubwa mno kwa mguu usiozoea, na ifikapo saa nane ya usiku utalivua ukilitupa. Siku za kwanza livae jioni kwa muda wa saa moja hadi mbili tu, ukiwa umekaa. Kisha usiku mzima bila kabari. Kabari iingie baada ya wiki moja au zaidi, kama asubuhi hakuna ganzi wala shavu la mguu kuuma. Soksi iwe ndefu na nyembamba, uigeuze mshono uwe nje. Ukiamka kwenda msalani, vua. Najua inachosha, lakini chini ni plastiki tupu isiyo na meno, na juu ya sakafu ya vigae ni utelezi mtupu. Asiyeweza kuvua na kuvaa mara tatu kwa usiku atafute aina ile nyingine inayokaa mbele ya muundi na kuacha kisigino wazi.

Peke yake buti halitoshi. Kabla hujakanyaga chini, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole kwenye mashina yake, uvivute kuelekea muundi. Pitisha dole gumba la mkono mwingine katikati ya unyayo. Ukikuta kitu kimekaza kama kamba ya kuanikia nguo, umepatia. Hesabu 10, legeza, rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Viatu vikae kando ya kitanda. Kukanyaga sakafu ngumu pekupeku asubuhi ni kubomoa ulichojenga usiku.

Zoezi la nguvu watu huliruka kwa sababu linauma kidogo, na hapo ndipo wanapokosea. Kunja taulo, liweke ukingoni mwa ngazi chini ya vidole ili vikunjike kwenda juu, simama kwa mguu huo mmoja ukishika ukuta. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia juu 2, shusha kwa 3. Mara 12, mizunguko 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ikiwa rahisi, beba mkoba wenye vitabu, upunguze mpaka mara 10 kwa mizunguko 4, halafu 8 kwa 5. Barafu hupoza tu. Vikombe vya silikoni vya kisigino vinasaidia mchana. Weka kwenye viatu vyote viwili, usipandishe upande mmoja ukaja kulalamikia nyonga.

Na kama kisigino kinauma ukikibana pande zote mbili, kimevimba, una homa, unahisi moto na ganzi unyayoni, au ulisikia kitu kimekatika ghafla, achana na buti na usingoje tarehe ya miadi.

Nilikusudia kulirudisha. Bado ninalo, na leo usiku nitalivaa. Basi nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za fundi viatu. Yule kijana wa simu asipewe hata moja.